Mwaka Tuliopandisha Ng'ombe Darini

Nilikuwa Mbalizi mwaka jana, mbele ya duka la vifaa vya umeme, nikibishana na muuzaji juu ya unene wa waya, mkono mzito uliponigusa begani. Nikageuka. Mzee mrefu, kofia ya pama, fimbo mkononi, alikuwa ananitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani kutoka mbali. "Wewe," akasema, "si ndiye uliyepandisha ng'ombe wangu darini?" Muuzaji aliacha kukata waya. Nami nilicheka kabla hata sijalikumbuka jina lake, kwa sababu duniani kuna mtu mmoja tu mwenye haki ya kuniuliza swali hilo. Tulikwenda kunywa chai na chapati kwenye mgahawa ulio nyuma ya stendi, na Bwana Masalu, Msukuma wa Usangu aliyezeeka bila kupungua sauti, akaniuliza habari za Lameki. Nikamwambia Lameki yuko Mafinga, magoti yamemkataza ngazi, sasa anatengeneza viti. Akatikisa kichwa, akachovya chapati. "Iandike habari ile, dada Atu," akasema. "Wajukuu wangu nikiwasimulia wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa." Ndiyo maana naiandika, kabla mimi mwenyewe sijafika umri wa kutosadikiwa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikuwa nimekaa mahali popote kwa muda wa kuzoeana na jirani. Shule niliiacha darasa la sita. Haikunishinda, nilikuwa mtu wa kukaa karibu na dirisha, na dirisha lile lilitazama barabara kuu. Nilikuwa nimepikia vibarua wa barabara, nimechaji simu za watu kwa betri ya gari, nimepanga mbao Mafinga kwenye viwanda vya kupasulia misonobari ya Sao Hill, na kila kazi niliipenda mpaka siku nilipoielewa. Lameki nilimkuta Mafinga. Alikuwa Mhehe mfupi, mwenye mikono mipana na mdomo usiotulia, fundi wa dari, za mbao na za jipsam, na pia wa kutandaza nyaya. Alinichukua kwa sababu siogopi kupanda juu. "Lakini maswali yako, Atupele," alikuwa akisema, "yanachosha kuliko kupandisha mbao." Hata hivyo aliyajibu yote, na lile asilolijua alisema halijui, jambo ambalo mpaka leo nimelikuta kwa watu wachache.

Kazi ya Igawa ililetwa na simu, kwa kuwa Lameki alikuwa amewahi kupiga dari ya baraza pale kabla sijamjua. Bwana Masalu alikuwa amejenga nyumba kubwa kando ya mji, bati la bluu, dari za jipsam zenye mikunjo na taa za rangi, makochi ambayo bado yalikuwa na nailoni. Alikuwa amelala hoteli moja Mbeya, akasikia muziki ukimwagika kutoka juu bila kuona spika wala boksi, na jambo hilo halikumtoka tena. "Nataka nyumba iimbe," alituambia siku ya kwanza, "na mgeni asione mdomo uko wapi." Lameki akapima sebule, akapima chumba cha kulia, akachora duara kwa penseli juu ya kadibodi. Mimi nikapandishwa darini kupitia tundu la korido, na tochi, kuangalia fremu za chuma zimepita wapi ili tusije tukakata palipo na fremu.

Ukiwa juu ya dari unaisikia nyumba kuliko walio ndani yake. Joto la bati la Igawa lilikuwa linanibana utosini, popo wananikodolea macho, na chini yangu, kupitia jipsam nyembamba kama biskuti, nikamsikia mwanamke mzee akisema, "Masalu, nyumba hii haina pumzi."

"Mayu, ina madirisha kumi," akajibu Bwana Masalu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Madirisha ya kusikilizia malori. Lori halinijui, nami silijui. Mwambie Ngasa aje na gari. Nawafuata ng'ombe."

"Na mguu?"

"Mguu ni wangu."

Kisha sauti ya Bwana Masalu ikashuka, ikawa sauti ya mtoto. "Mayu, daktari amesema kidonda kioshwe kila siku. Huko walikohamia ng'ombe hakuna zahanati karibu. Ukienda na mguu huo, hurudi." Na yule mama, ambaye niliambiwa baadaye kwamba anaitwa Bibi Minza, akajibu bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya kitu alichokwisha kukinunua: "Hapa nitakufa mguu ukiwa mzima. Hiyo ni faida gani?"

Niliposhuka, Bwana Masalu alikuwa amesimama chini ya ngazi. "Umesikia," akasema. Nikamwambia nimesikia, mzee, huko juu mtu hawezi kufunga masikio. Ndipo akatueleza. Malisho ya Usangu yalikuwa yamepungua, na mpwa wake Ngasa alikuwa ameliswaga kundi lote mpaka upande wa Rukwa. Mama yake, mwenye sukari na kidonda mguuni, alikuwa ameletwa Igawa ili awe karibu na hospitali. Tangu alipofika alikuwa halali, hali chakula cha kueleweka, na alikuwa ameshaagiza gari. Ngasa angekuja mara tu akimaliza kuuza mpunga wake. Bwana Masalu akatoa simu mfukoni, moja ya zile simu nene za laini mbili, akabonyeza. Zikatoka sauti kama maharage yanayotikiswa kwenye kopo. "Ni ng'ombe hao," akasema. "Jioni ya mwisho kabla hawajaondoka. Niliiweka simu juu ya nguzo ya zizi. Hii inaweza kukaa darini?"

Lameki akakuna kichwa. "Mzee, watu wengine huweka kwaya."

"Hii ndiyo kwaya yetu," akasema Bwana Masalu. "Muziki wa wageni utasubiri. Anzeni na chumba cha mama."

Nimeshawaona watu wengi wakichagua spika tangu siku ile. Wengi huangalia ukubwa, au taa, au huuliza ipi inapiga kifua. Bwana Masalu alichagua kama anayenunua ndama mnadani, kwa kuzunguka. Mbeya tuliingia kwenye duka lenye ubao mkubwa uliotobolewa matundu, spika za dari zimepachikwa humo kama vikombe kabatini. Kijana wa dukani akaweka wimbo wa kuchezea harusi, ukuta ukatetemeka. "Zima," akasema Bwana Masalu, akampa flashi tuliyohamishia sauti ile ya simu. Ng'ombe wakatoka. Kijana akadhani flashi imeharibika. Bwana Masalu akafumba macho, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake kama yuko mbugani. Spika za kwanza akazikataa. "Hawa wamekuwa mbuzi." Za pili, zile za bei kubwa, akazisikiliza kwa muda mrefu. "Hawa wamekula mawe. Ng'ombe anayekanyaga hivyo anaumwa." Kijana akasema, "Mzee, lakini hizi ndizo zinazoenda sana," na Bwana Masalu akamjibu kwa upole, "Waache waende, mwanangu," tukatoka.

Tukapanda gari mpaka Iringa. Baridi ilitupokea tukiwa na nguo za Igawa. Duka lilikuwa juu mlimani, na mwenye nalo alikuwa mama wa makamo, sweta na miwani, aliyezoea kuuzia makanisa. Hakucheka alipoambiwa kilichomo kwenye flashi. Alifunga mlango wa barabarani ili kelele zipungue, akazima feni, akauliza, "Kundi kubwa?" Nilimpenda pale pale. Akajaribu hizi, akajaribu zile, mwisho akavuta boksi lenye vumbi chini ya kaunta. "Hizi watu hawazitaki," akasema. "Hazina makeke." Zilikuwa spika nyeupe, za duara, wavu wake wa kawaida kabisa. Kengele ikalia mbali. Vumbi, nasema nililisikia vumbi, na mluzi wa mchungaji, na kwato, na mnyama mmoja akakohoa. Bwana Masalu akafumbua macho. "Huyo ni Chimala," akasema. Ng'ombe wake aliwaita kwa majina ya mahali alikowanunua. "Na huyo nyuma yake ni Rujewa, kengele yake ina ufa." Wateja wawili walikuwa wamesimama na nyaya mikononi. Mmoja wao, mzee wa Kihehe, akauliza, "Wako wapi sasa?" Bwana Masalu akajibu, "Mbali." Mama mwenye duka aliacha kundi lote lipite ndipo akazima.

Kwenye chumba cha Bibi Minza tulifanya kazi yeye mwenyewe akiwepo, kwa sababu alikataa kutoka. Alikaa kitandani, mguu umeinuliwa juu ya mto, kanga imefungwa kichwani, akinitazama juu ya ngazi unga wa jipsam ukinimwagikia nywele na kope. "Huyu mtoto wa kike anaikata nyumba ya mwanangu," alimwambia Lameki. "Wewe mwanaume umeshika ngazi."

"Mayu, mimi nikipanda, nyumba inalia."

"Basi punguza ugali."

Tulikuwa tunakula naye mchana, wali wa Mbarali na maziwa mgando, na kila siku aliishia vijiko vitatu tu, sahani akaisukuma. Mhudumu wa zahanati alikuja asubuhi kuosha kidonda, naye Bibi alimwambia kila mara kwa adabu kubwa kwamba asihangaike sana, yeye ni msafiri. Tulipomaliza kufunga spika mbili, Bwana Masalu akazisikiliza mara ya kwanza mama yake akiwa bafuni. Akasimama katikati ya chumba. "Hii ya kulia," akasema, "ng'ombe wake hawana matumbo." Lameki akapanda mwenyewe, nyumba ikalia kweli, akakuta amefunga waya mwekundu penye mweusi. Alipogeuza, sauti ikajaa chumba chote. Lameki akakaa kwenye ngazi akicheka, akimnyooshea Bwana Masalu bisibisi. "Mzee, ningekujua mapema ningeuza kipimo changu."

Tuliwasha jua lilipoanza kuwa jekundu. Bwana Masalu alikuwa amevaa shati safi. Kengele ya kwanza ikalia juu yetu, kwato zikafuata, na Bibi Minza akainua uso. Nilikuwa namtazama yeye, na nilitegemea machozi au tabasamu. Alijikunja. Alivuta kanga mpaka kwenye paji la uso kama mtu anayejikinga na kitu kinachodondoka. "Masalu," akasema, "ng'ombe wa nani wanatembea juu ya watu?"

"Ni wetu, mayu. Sikiliza, Chimala huyo."

"Namsikia. Anafanya nini juu? Wamekufa?" Hapo nikaona tulichokuwa tumefanya. Sisi mafundi tulikuwa tumewaza duara zuri, nafasi sawa kutoka ukutani, sauti safi. Hakuna aliyewaza kwamba kwa mtu aliyeishi miaka yote na ng'ombe pembeni yake, kundi linalopita hewani ni kundi la marehemu. "Zima," akasema. "Najua ni mashine, mimi si mtoto. Lakini mashine yenu imewaua. Mwambie Ngasa aje kesho." Bwana Masalu akazima. Alitoka nje akasimama kwenye uzio, na kwa mara ya kwanza sikuona tofauti kati ya mgongo wake na mgongo wa mtu yeyote aliyeshindwa.

Nimekaa vyumba vingi tangu hapo. Nimeweka spika kwenye nyumba za walimu, za wachungaji, za wauza mbao, na mara nyingi nikiwa peke yangu juu ya ngazi humkumbuka Lameki jioni ile. Mafundi ninaowajua wangesema kazi imekwisha, tulichoagizwa ndicho tulichofunga. Lameki alikaa barazani akivua viatu taratibu, akasema, "Atupele, wewe mwenye maswali. Kesho kaulize."

Asubuhi nikaenda kwa Bibi na bakuli la michembe, viazi vile vilivyokatwa vikakaushwa, ambavyo yeye mwenyewe alikuwa ametuzoesha kula na maziwa. Nikamsalimia kwa Kisukuma changu kibovu. "Mwangaluka, mayu." Akacheka lafudhi yangu ya Kinyakyusa, akaitikia. Nikamuuliza ng'ombe walikuwa wakirudi vipi, kule kwao. Alinitazama kuona kama namdhihaki. Kisha akavuta sinia, akachukua michembe akaanza kuipanga. Huu ukingo wa sinia ni zizi. Hapa ndipo alipokuwa akikaa, mgongo kwenye mlango wa jiko. Jua linazamia huku. "Hawaji wote pamoja kama mvua," akasema. "Unaanza kumsikia mmoja, huko, huna hakika. Unanyamaza. Halafu wawili. Halafu vumbi linakufikia kabla yao. Mwisho wanakupita hapa, karibu na bega, unasikia wanavyopumua." Alikuwa anasogeza vipande vya michembe kwa kidole kimoja, polepole, kutoka mbali kuja karibu, na nilivyomtazama nikajua nipo mbele ya mtu anayesikia kama wengine wanavyoona. Nikamuuliza, katika chumba hiki, upande wa jua kuzama ni upi? Akaonyesha kwa kidevu: dirisha. Nje ya dirisha lile kulikuwa na baraza ndefu, na baraza ile ilikuwa na dari.

Dari ya barazani ilikuwa ya mbao za msonobari, na Lameki ndiye aliyeipiga nyumba ilipokuwa inajengwa. Nilipomwambia, aliitazama kwa muda. "Mbao hizi nilizichagua Mafinga moja moja," akasema. "Hakuna jicho la tawi hata moja juu ya mlango, umeona?" Nikasema nimeona. Akashusha pumzi, akachukua msumeno, akapanda na kuikata kwa mkono wake mwenyewe, tundu moja karibu na dirisha la Bibi, jingine mwisho kabisa wa baraza, kwenye kona ya magharibi. Mimi nikaondoa spika za chumbani, nikaziba matundu kwa vipande vya jipsam na unga, Bibi akinitazama. Bwana Masalu alikuja akatukuta, akaangalia tundu la mbao, akaangalia uso wa Lameki, akavua kofia. Alishika ngazi.

Kilichobaki kilikuwa kwenye amplifaya. Ilikuwa na kitufe cha kugawa sauti, ukikizungusha kushoto inalia spika moja, kulia inalia nyingine. Nilimwonyesha Bwana Masalu: anza huku, kwenye kona, halafu leta taratibu kwenye dirisha. Nilitaka kukaa nacho mimi, kwa kuwa nilikuwa nimejaribu mara kadhaa mchana. Akaniondoa mkono kwa upole. "Niache nichunge mwenyewe," akasema.

Ngasa alifika alasiri ile ile, na gari lenye turubai, godoro limetandikwa nyuma tayari. Alikuwa kijana mstaarabu, alimsalimia bibi yake kwa kuchuchumaa, akamwambia wataondoka alfajiri kabla ya joto. Bibi akasema vema. Mizigo yake, mfuko mmoja na kigoda, ilikuwa mlangoni. Jua lilipogusa milima, Bwana Masalu akakaa sakafuni kwenye korido mbele ya amplifaya, miguu ameikunja, na sisi tukasimama mlangoni mwa chumba.

Mwanzoni nilidhani haijawaka. Kisha kengele moja ikalia, huko mwisho wa baraza, ndogo kiasi cha kutokuwa na hakika. Bibi Minza alikuwa anazungumza na Ngasa. Akanyamaza katikati ya neno. Wakawa wawili. Mluzi. Nikaona kidole gumba na cha shahada vya Bwana Masalu vikitembea juu ya kile kitufe kwa uangalifu wa mtu anayemtoa mwiba mtoto, na kundi likaanza kuja, likaja kwa upande, likaja na vumbi lake, kwato juu ya saruji ya barazani, mpaka likafika dirishani, na tukasikia pumzi. Safari hii Bibi hakuvuta kanga usoni. Alikuwa amegeuza bega lake kidogo, kama mtu anayewapisha. Akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, nyembamba, ndefu, ya kuita na ya kusifu kwa pamoja, na Ngasa, ambaye alitoka kwa ng'ombe wenyewe siku mbili tu nyuma, akainamisha kichwa. Walipita wote. Mwanae kule koridoni akaendelea kushika kitufe hata baada ya sauti kuisha.

Nje lori lilibadilisha gia kwenye barabara kuu, na hakuna aliyejali.

"Ngasa," akasema Bibi Minza.

"Naam, mayu."

"Kitanda hiki kimekaa vibaya. Dirisha liko miguuni." Akajifunika vizuri, akashika mbao za kitanda pande zote mbili. "Kigeuzeni. Kichwa kiende kule. Hapana, mimi sishuki, mguu unaniuma. Ninyi ni wanne, inueni." Tukainua, Ngasa na Lameki upande wa kichwa, mimi na Bwana Masalu miguuni, Bwana Masalu akilia waziwazi bila mkono wa kujipangusa, na Bibi juu ya kitanda akituongoza kama anayepitisha kundi mtoni: huku, huku kidogo, angalieni ukuta, polepole, msiniangushe, kesho jioni nina kazi.